SOMO: Kupima muda wa malori kusubiri mpakani, anzia mkiani mwa foleni sio getini

Wakuu habari zenu. Hili somo nimeliandika kwasababu kila ikitoka ripoti ya mpaka watu wanaanza kubishana, dereva anasema amekaa siku mbili, ofisi inasema lori linatoka kwa masaa mawili, na unakuta wote wanasema kweli, kila mtu ameanza kuhesabu sehemu yake. Dereva ndo anayeumia hapo maana muda wake hauonekani popote kwenye makaratasi. Tuliweke sawa.

HATUA YA 1: Chora mpaka wako kabla hujagusa kifaa chochote. Karatasi na kalamu tu. Lori linafika mkiani mwa foleni, linasogea mpaka kibanda cha kwanza cha ukaguzi, hapo linaachiwa au linapelekwa mzani, skana au kufunguliwa mzigo, mwisho linatoka geti la mwisho. Kama nchi mbili zinakagua kila mtu kivyake basi hii safari inarudiwa ng'ambo. Kama ni kituo cha pamoja kama Chirundu, pale Zambia na Zimbabwe walipoanza 2009, lori linasimama sehemu moja tu kwa kila uelekeo.

Sasa tenganisha vitu vitatu. Muda wa kusubiri ni kuanzia mkiani mpaka kibanda cha kwanza. Muda wa kuvuka ni kuanzia mkiani mpaka geti la mwisho. Ucheleweshaji ni muda wa kuvuka ukitoa muda ambao lori lingetumia kama hakuna foleni kabisa. Wamarekani wanatenganisha hivyo kwenye mipaka yao na Mexico na Kanada, na mimi naona ndo njia safi maana kila kipande kina mwenyewe. Foleni ndefu ni suala la barabara na idadi ya vibanda, lori kukwama ndani ya yadi mara nyingi ni nyaraka au wakala hajalipia ushuru.

HATUA YA 2: Weka sehemu ya kuanzia nyuma ya mkia wa siku mbaya kuliko zote. Hapa ndo pana kila kitu, nawaomba msipite haraka. Ukiweka kifaa kilomita 1 kabla ya geti alafu foleni ikafika kilomita 4, zile kilomita 3 zimepotea, lori limeteseka kule nyuma na wewe saa yako haijaanza hata kuhesabu, matokeo yake siku ambayo hali ni mbaya kabisa ripoti yako inaonesha kama kawaida tu. Waulize madereva wazoefu na wauza chai wa barabarani foleni ilishafika wapi, ongeza kidogo, weka hapo. Ila angalia pia kama kuna maegesho ya kulala njiani, weka kifaa baada ya hayo maegesho kama foleni haijawahi kuyafikia, la sivyo utahesabu usingizi wa dereva kama foleni.

HATUA YA 3: Chagua namna ya kulitambua lori lilelile mara mbili. Ya bei rahisi ni watu wenye madaftari wanaoandika namba za gari na saa. Andika namba ya kichwa, sio ya tela, tela zinaweza kubadilishwa vichwa mpakani. Kamera za kusoma namba zinafanya hiyohiyo kazi ila matope na usiku vinazisumbua. Kuna stika za redio kwenye kioo cha lori, zinazosomwa na visomaji vilivyofungwa barabarani, vilifungwa kwenye daraja la Bridge of the Americas pale El Paso, mpaka wa Marekani na Mexico. Kuna visoma Bluetooth, vinanasa mawimbi ya simu na redio zilizomo ndani ya lori, vimetumika daraja la Peace Bridge kati ya Buffalo ya Marekani na Fort Erie ya Kanada, ila kichwa kimoja kinaweza kuwa na simu mbili na redio, hivyo lori moja unalihesabu mara tatu usipochuja. Na mwisho GPS za magari yenyewe.

HATUA YA 4: Saa zote zifanane. Fupi tu hiyo, linganisheni kila asubuhi.

HATUA YA 5: Usifunge kazi mapema. Timu ikikusanya madaftari saa 12 jioni, malori yaliyofika mchana na bado yamo kwenye foleni hayana muda wa kutoka, kwahiyo yanafutwa. Na hayo ndo yaliyosubiri kuliko yote! Acha kuandika wanaofika kama umechoka, ila pale getini kaa mpaka lori la mwisho uliloandika litoke.

HATUA YA 6: Wastani peke yake usiutangaze. Chukua malori 10, tisa yamekaa saa 1 na moja limekaa masaa 31. Wastani ni masaa 4, na hakuna hata lori moja lililokaa masaa 4. Toa mediani, yani lile la katikati ukiyapanga, alafu toa na muda ambao malori 95 kati ya 100 yanakuwa yameshapita. Mwenye mzigo anapanga safari kwa hiyo namba ya pili. Tenganisha pia yenye mzigo na matupu, na kila uelekeo peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu sisi hatuna bajeti hata ya kamera moja, tufanyeje?
Jibu: Hesabu malori yaliyopo kwenye foleni, gawa kwa yanayopita kwa saa. Malori 120, yanapita 30 kwa saa, anayefika sasa hivi atasubiri kama masaa 4. Hayo 30 yahesabu kweli pale getini, usikadirie kwa kuangalia vibanda vilivyo wazi, kibanda kinaweza kuwa wazi na mtandao umekata.

Swali: Kaka, mbona ubao wa mpakani wa kutangaza muda wa kusubiri unaandika dakika 40 mimi nakaa masaa matatu?
Jibu: Ukiacha tatizo la hatua ya 2, ile dakika 40 ni ya lori lililotoka sasa, ambalo liliingia foleni ikiwa fupi. Wewe umeingia malori mengi yakiwa yameshafika nyuma yake. Foleni ikiwa inakua ubao utachelewa siku zote, na ikiwa inapungua utakutisha bure.

Swali: Kampuni yetu ina GPS kwenye magari yote, si inatosha?
Jibu: Inasaidia sana, chora maeneo mawili kwenye ramani, mkiani na getini, usome saa ya kuingia na kutoka. Ila kama kifaa kinatuma mahali kila dakika 15 hakiwezi kukupimia foleni ya dakika 20. Na kampuni kubwa mara nyingi nyaraka zake zinatangulia, kwahiyo sema wazi kwamba hizo ni namba za magari yenu, mwenye lori moja ana muda wake mwingine.

Swali: Lori limefika saa 3 usiku limepita saa 2 asubuhi, nilifute?
Jibu: Hapana dada. Kama mpaka unafungwa usiku huo ni muda wa kusubiri kabisa, uandike kwenye safu yake pembeni. Kama mpaka uko wazi masaa 24, tafuta malori yaliyofika pamoja nalo, yakiwa yamepita saa 5 usiku basi hilo lilipaki au lilikwama kwenye nyaraka, liweke alama na ulitoe kwenye mediani ya foleni.