Pilipili, manjano na ubani kwa goti lililosagika

Goti linalouma ukishuka ngazi, linalokakamaa kidogo ukiamka na kukwaruza ukichuchumaa, mara nyingi ni gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limesagika. Mtaani husemwa "mafuta yameisha". Hakuna mmea unaoliotesha gegedu upya, na anayekuuzia ahadi hiyo anakudanganya. Mimea inachoweza ni kupunguza uvimbe na maumivu hadi upate kutembea na kufanya mazoezi ya kuimarisha msuli wa paja, ambao ndio unaolipunguzia goti mzigo.

Anza na pilipili, lakini ya kupaka. Kapsaisini, kile kinachoifanya pilipili iwashe, huzichosha ncha za neva zinazopeleka maumivu kwenye ubongo. Nunua duka la dawa krimu ya asilimia 0.025. Chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa goti moja, paka kwenye ngozi kavu isiyo na mchubuko, sugua mpaka krimu isionekane. Rudia mara 3 hadi 4 kwa siku, kila siku.

Wiki ya kwanza itawaka, na hapo ndipo wengi wanapoiacha. Wengine hupaka siku goti likiuma tu, na hilo ni kosa kubwa zaidi: neva hupata nafasi ya kurudia nguvu zake, kwa hiyo kila ukipaka unaanza upya na mwako uleule. Ukishika ratiba, mwako hupungua na nafuu huja kati ya wiki ya 2 na ya 4. Usioge maji ya moto muda mfupi kabla au baada ya kupaka, wala usifunge bandeji ya kubana juu yake. Joto huzidisha mwako.

Mikono nayo ina utaratibu wake. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo jipake kwanza mafuta ya kupikia viganjani, futa kwa karatasi, kisha osha kwa sabuni. Kwa maumivu ya vidole hatuishauri, kwa sababu mkono haukosi kufika machoni. Mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani wa mwaka 2019 nao unaielekeza kwenye goti, si kwenye mkono. Na usijisagie pilipili kichaa nyumbani. Ukali wake haupimiki kwa macho, na ngozi inaweza kutoka malengelenge.

Manjano yana kurkumini, kiini chake kinachopunguza uvimbe, lakini kidogo: takribani asilimia 3 ya unga. Kijiko cha chai, kama gramu 3, kinakupa miligramu 90 hivi. Katika utafiti wa Thailand uliochapishwa 2014, wagonjwa wa goti walipewa miligramu 1,500 za kiini cha manjano kwa siku kwa wiki 4, na nafuu yao ilikaribiana na ya waliokunywa ibuprofen, dawa ya maumivu ya dukani, miligramu 1,200 kwa siku. Kiasi hicho hakipatikani kwenye mchuzi wala kwenye maziwa ya manjano. Ni cha vidonge. Vimeze pamoja na chakula chenye mafuta, kwani kurkumini haipenyi vizuri tumboni. Pilipili manga huongeza sana upenyaji huo, ila huongeza pia nguvu ya baadhi ya dawa nyingine unazomeza, na vidonge vyenye vyote viwili vimehusishwa na madhara ya ini. Mkojo ukiwa mweusi au macho ya njano, acha siku hiyohiyo uende hospitali. Mwenye mawe ya nyongo, au anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asivimeze bila daktari wake kujua.

Ubani watu wengi wa pwani huuloweka usiku na kunywa maji yake asubuhi. Maji hayo hutoa gundi. Asidi zinazopunguza uvimbe zimo kwenye utomvu usioyeyuka majini, nazo hubaki chini ya kikombe. Uliofanyiwa majaribio kwa goti ni ubani wa India, katika vidonge vya kiini kilichokolezwa, miligramu 100 hadi 250 kwa siku. Vipande vya chetezoni si vya kumeza.

Tangawizi husaidia kidogo. Kunywa chai yake ukipenda, usiitegemee.

Jihadhari na unga "wa mitishamba" usio na lebo unaoondoa maumivu kwa siku moja au mbili. Mmea haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Mara nyingi unga huo umechanganywa na diclofenac, dawa ya maumivu ya hospitali, au steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe. Ukiwa umeutumia kwa wiki kadhaa na uso umevimba, usiukatishe ghafla: upeleke hospitali pamoja na pakiti yake, kwani kuacha steroidi kwa mkupuo kunaweza kukuangusha.

Goti likiwa jekundu, la moto na una homa, usipake chochote. Huenda ni maambukizi ndani ya kiungo, na hayo hutibiwa siku hiyohiyo.