SOMO: Kujiandaa na shahada ya uzamivu (PhD) kuhusu mashimo meusi na mawimbi ya mvutano

"Nijiandaeje kusomea mashimo meusi (vitu vyenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki) na mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya anga-wakati)?" Swali hili nimelijibu faraghani mpaka vidole vimechoka. Kuanzia leo ukiniuliza, nakuleta hapa.

1. Hisabati: kalkulasi, matriki, kisha tensa (jumuisho la vekta na matriki). Hakuna mkato.

2. Uhusianifu wa jumla (nadharia ya Einstein ya mvutano): soma mpaka ukokotoe mwenyewe, bila kuchungulia, mizingo (obiti) inayozunguka shimo jeusi la Schwarzschild, yaani lisilojizungusha. Ukipata kwamba mzingo thabiti wa ndani kabisa uko mara tatu ya nusu kipenyo cha shimo, songa mbele.

3. Chagua tawi. Kuna nadharia, vigunduzi, data, na kutatua milinganyo ya Einstein kwa kompyuta (ilishindikana miaka na miaka, hadi Frans Pretorius alipofanikisha muungano wa mashimo mawili mwaka 2005). "Napenda yote" si tawi.

4. Shika data kwa mkono wako. Hapa ndipo nilipoumbuka. LIGO, mradi wa Marekani wa vigunduzi viwili vya mawimbi ya mvutano, Hanford na Livingston, wanatoa data bure. Chukua sekunde 32 kuzunguka saa ya GPS (hesabu ya sekunde) 1126259462, lile tukio la 14 Septemba 2015, wimbi la mvutano la kwanza kunaswa. Mimi nilichukua ya Hanford, nikaichora ikiwa mbichi, nikaona mwiba umechomoza kwenye 60 Hz. Furaha iliyoje! Nikamtumia profesa niliyetaka anisimamie, na chini ya mchoro nikaandika "ishara". Akajibu sentensi moja: huo ni umeme wa ukutani. Gridi ya Marekani ni 60 Hz. Nafasi sikuipata.

Kwa hiyo kadiria kelele kwanza, gawa kila frikwensi kwa kelele yake, kisha chuja ubaki na 35 hadi 350 Hz. ONYO: kabla ya badiliko la Fourier (kuigawa data katika frikwensi zake), shusha ncha mbili za data taratibu hadi sifuri. Ukizikata ghafla, kelele nzito za frikwensi za chini zitavujia kila mahali. ONYO tena: ukishachuja, tupa mwanzo na mwisho, ni uchafu wa kichujio. Ukipatia, utaona mawimbi yakibanana na kukua kwa kama sekunde 0.2, halafu kimya.

5. Andika kurasa mbili za ulichofanya, na kilichokushinda pia. Hizo ndizo za kumtumia msimamizi.

MASWALI

Kipanga88: Mkuu, sijasoma yote, ila hisabati sipendi. Naweza kuanzia hatua ya 4?
Mwandishi: Soma yote.

Kipanga88: Nimeuliza tu, mbona ukali?
Mwandishi: Si ukali. Hatua ya 4 yenyewe ni hisabati.

Mwanagenzi: Kaka, huo mwiba wa 60 Hz ungeujuaje kama hakuna wa kukuambia?
Mwandishi: Swali zuri sana. Kwanza, mwiba wa umeme haukomi: angalia dakika kumi kabla ya tukio, utaukuta palepale. Wimbi la kweli linapita na kwenda zake, na frikwensi yake inapanda. Pili, linganisha vigunduzi viwili. Hanford na Livingston zimeachana kama kilomita 3,000, kwa hiyo wimbi haliwezi kuchelewa zaidi ya milisekunde 10 hivi. Lile la 2015 lilipiga Livingston kwanza, Hanford likafika baada ya takriban milisekunde 7. Ukizichora pamoja, geuza moja juu chini, maana mikono ya vigunduzi hivyo haikuelekezwa sawa. Mimi hilo lilinila siku nzima.

Mwanagenzi: Asante sana. Nimegeuza, zimelaliana!

Bi Falaki: Nyongeza: igeuzeni data iliyochujwa kuwa sauti. Frikwensi hizo sikio linazisikia.
Mwandishi: Kweli, dada. Ila vaeni vipokea sauti vya masikioni. Spika za kompyuta ndogo zinameza sauti nzito, mtabaki kusikia mkwaruzo tu.