SOMO: Sheria ya katiba na mapitio ya mahakama kwa mwaka wa kwanza

Wasee wa mwaka wa kwanza, hamjambo. Mimi niko mwaka wa tatu hapa Nairobi na CAT yangu (jaribio la katikati ya muhula) ya kwanza ya katiba nilipata 9 kwa 30, nilijaza kurasa nne nikilia vile uamuzi wa kaunti ulikuwa mbaya, kumbe swali halikuuliza kama ni mbaya.

Hatua ya 1. Soma Katiba ya 2010 yenyewe kabla ya noti za mtu. Iko na vifungu 264, hakuna mtu atameza zote. Anza na 1, 2 na 10, uende 19 mpaka 24, halafu 47, 165, 258 na 259. Mimi nilisomea kwa matatu, jam ya Thika Road ikikushika vizuri unamaliza Sura ya Nne kabla ufike tao.

Hatua ya 2. Tenganisha vitu viwili, hapa ndio wengi huanguka. Korti kukagua sheria ya Bunge kama inagongana na Katiba ni kitu kimoja, korti kukagua kitendo cha afisa au bodi ni kingine. Kwa ile ya kwanza mtapewa Marbury v Madison ya Marekani, 1803, sawa, lakini kule Katiba haikusema wazi kwamba jaji anaweza kufuta sheria ya Bunge, Jaji Mkuu wao John Marshall ilibidi aijenge kwa hoja. Sisi tumeandikiwa: 2(4) na 165(3)(d). Taja hiyo tofauti kwa mtihani uone.

Ile ya pili sasa. Tuseme mama mboga wa Kangemi amenyimwa leseni, hakuitwa, hakusikizwa, hakupewa sababu. Usianze kubishana kama alistahili leseni! Uliza huyo afisa alitoa wapi hayo mamlaka, alifuata utaratibu, na uamuzi wake uko na akili hata kidogo? Hayo matatu jaji Lord Diplock aliyapanga Uingereza kwa kesi ya GCHQ (shirika lao la ujasusi), 1984, na korti zetu huyatumia mpaka leo. Kisha funga na Kifungu cha 47, haki ya kila mtu kutendewa kwa haki na maafisa, pamoja na ile sheria ya 2015 (Fair Administrative Action Act) iliyotungwa kukipa meno. Ukiruka 47 unaandika kama mtu wa 1995.

Hatua ya 3. Kesi zitoe Kenya Law, ni bure, na uangalie korti ya mwisho ilisema nini. BBI, ile kesi ya mpango wa kubadilisha Katiba, ndio mtego: Mahakama Kuu na ya Rufaa, zote 2021, zilikubali kwamba Katiba iko na muundo msingi usioguswa ovyo, watu wakakariri wakalala. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema hiyo kanuni haitumiki Kenya, lakini BBI ikaanguka vilevile kwa sababu Rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa njia ya Kifungu cha 257, ambayo ni ya wananchi wenyewe kukusanya saini.

MASWALI

Msee wa Rongai: Certiorari, mandamus na amri ya kukataza nazichanganya sana, saidia.
Jibu: Angalia saa, brathe. Uamuzi umeshafanywa, certiorari inaufuta. Bado haujafanywa, unaomba kukataza. Afisa amekalia kazi ambayo sheria inamlazimu kuifanya, mandamus. Kibanda kikishabomolewa usiombe kukataza, utakataza nini? Soma kesi ya KNEC (baraza la mitihani) ya 1997, Mahakama ya Rufaa. Na certiorari ya Order 53 (ya Civil Procedure Rules) lazima uiombe ndani ya miezi sita tangu uamuzi.

Shiku: Lekchara wetu anasema korti haiingilii uamuzi wenyewe kabisa, ni ukweli?
Jibu: Hiyo ni ya zamani, dadangu, lakini usimwambie hivyo. Sheria ya 2015 inaruhusu kupima busara na uwiano (kama hatua iliyochukuliwa inalingana na lengo lake), na Mahakama ya Juu kwa kesi ya Dande, 2023, ilikubali kuna wakati lazima uchungulie ndani. Chungulia tu, haijageuka kuwa rufaa.

Mwana wa Eastlands: Naweza ingia korti za Milimani kusikiza bila kuwa wakili?
Jibu: Ingia, kesi nyingi husikizwa hadharani. Zima simu, inama kidogo ukiingia na ukitoka, na ukae nyuma maana viti vya mbele ni vya mawakili, mimi niliamshwa hapo siku ya kwanza nikaona aibu.