Somo: Kutumia neno "mrama"

Wengi tunalijua mrama kwa mambo yaliyoharibika: ndoa imekwenda mrama, mipango imekwenda mrama. Hiyo ni maana ya pili. Ya kwanza ni ya baharini, na ukiishika hiyo, nyingine inakuja yenyewe.

Hatua ya kwanza: kiwaze chombo. Wimbi likilipiga jahazi ubavuni, linalalia kulia, linajiinua, halafu linalalia kushoto, na ncha ya mlingoti inakwenda ikirudi angani. Hapo chombo kinakwenda mrama. Chombo kinachopanda na kushuka, mara kwa omo, yaani mbele, mara kwa tezi, yaani nyuma, kina msukosuko wake lakini si mrama. Na kilichoinama upande mmoja kikabaki hivyo kimekwenda upogo.

Hatua ya pili: kitenzi. Karibu kila mara ni enda. Mrama hapa ni kielezi, kwa hiyo hakifuati ngeli: chombo kimekwenda mrama, vyombo vimekwenda mrama. Peleka nayo hukubali: "Ubishi wao uliupeleka mkutano mrama."

Hatua ya tatu: angalia unalibandika wapi. Kikombe kilichoanguka kimevunjika, basi. Mrama hutaka jambo lililokuwa likiendelea, kama kazi, malezi, biashara au mazungumzo. Magazeti hulitupia kila kitu, ndiyo maana limeanza kupoa.

Maswali ya wanachama

Mrama na kombo si kitu kimoja?
Kwa mambo yaliyoharibika, mara nyingi ukiweka hili au lile hakuna atakayekusahihisha. Ila kombo ni kupinda: mti wa kombo umesimama palepale, umepinda tu. Mrama una mwendo.

Na arijojo?
Hiyo ni ya kishada kilichokatika uzi. Chombo kikienda mrama nahodha bado yumo na usukani anao. Kishada kikienda arijojo hakina mwenyewe tena. Kikao kilichomshinda kabisa mwenyekiti mimi ningekiita arijojo.

Mlevi naye anakwenda mrama?
Kwa utani inapendeza. Lakini miguu ina kitenzi chake: anapepesuka.

Vipi kaa, maana naye huenda kwa ubavu?
Kaa anakwenda upande, wala hayumbi. Anajua shimo lake liko wapi.