Kuandaa Nyumba ya Kupanga Ujerumani

Ukihamia Ujerumani, fahamu kwamba nyumba nyingi za kupanga hukabidhiwa bila makabati ya jikoni, sinki wala hata taa. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, muulize mpangaji anayeondoka kama anauza vyake, kwa kuwa makabati yaliyokwisha kukatwa kwa vipimo vya jiko lile ni nafuu kubwa kwa mgeni. Jiko la umeme liunganishwe na fundi umeme aliyefuzu. Siku ya kupokea funguo, piga picha kila ukuta na uandike kila kasoro, maana dhamana unayoiweka kwa mwenye nyumba, ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi 3 bila kuhesabu gharama za ziada, yaweza kukatwa kwa uharibifu usioufanya wewe. Ukitaka kubomoa au kubadili kitu cha kudumu, pata kwanza idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Kutoboa kuta kwa mashine kusifanyike Jumapili.