Projekta ya bei nafuu kwenye chumba cha hosteli Tabora: kununua, kufunga na kuitunza

Projekta ya bei ya mwanafunzi ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni mwanga. Sauti, waya na mahali pa kuiweka ni mambo yanayorekebishika. Mwanga ukishanunua umenunua, hauongezeki. Kwa hiyo kazi yote iliyo mbele yako ni kuutunza huo mwanga kidogo: usiutandaze kupita uwezo wake, usiuchanganye na mwanga mwingine, usiuache ukwame kwenye chandarua cha mwenzako.

Vipimo vya hapa vinafaa chumba cha urefu wa mita tatu hadi nne, chenye vitanda viwili vya dabodeka, dirisha moja na soketi mbili kama zipo. Uwe chuo cha AMUCTA, Chuo cha Reli, Chuo cha Utumishi wa Umma au umepanga chumba mtaani, hesabu ni ile ile.

Kununua bila kudanganywa na boksi

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, "lumeni 9,000" au zaidi, ipuuze. Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka, na cha kuaminika ni lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango kinachokubalika, na projekta ndogo za LED za bei ya chini kwa kawaida huwa kati ya 100 na 300. Muuzaji asipojua ANSI ni nini, geuza projekta usome wati zake. Kifaa kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa maelfu ya lumeni, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wa LED hupotea ndani kabla ya kufika kwenye lenzi.

Mtego wa pili ni ukali wa picha. Boksi likisema projekta "inakubali 1080p", maana yake inaweza kusoma faili la ukali huo (nukta 1920 kwa 1080), kisha inalipunguza hadi kiwango cha paneli yake, yaani kioo kidogo cha ndani kinachounda picha. Uliza paneli yenyewe ina nukta ngapi. Ya 800 kwa 480 achana nayo, maandishi ya tafsiri chini ya filamu yatakuchosha macho. Ya 1280 kwa 720 inatosha kabisa kwa chumba kidogo. Ya 1920 kwa 1080 ni nzuri, ila ukilazimika kuchagua kati ya nukta nyingi na mwanga mwingi, chukua mwanga.

Kuna njia nyingine: projekta ya ofisi iliyotumika, ya balbu, yenye lumeni 2,500 hadi 3,000 za kweli. Picha yake inaipita mbali LED yoyote ya bei hiyo. Tatizo ni kwamba inakula wati 200 na zaidi, feni yake inavuma, na balbu mpya inaweza kugharimu karibu bei ya projekta yenyewe. Kabla ya kulipa, fungua menyu usome saa za balbu. Zikiwa zimepita 3,000, hesabu kwamba unanunua na balbu nyingine. Ubaya mwingine ni umeme kukatika ghafla. Feni inasimama wakati balbu bado ni ya moto mno, na jambo hilo likijirudia balbu hufa mapema. LED haina shida hiyo.

Tuseme wanne mmechanga elfu themanini kila mmoja, mna laki tatu na ishirini. Laki mbili na nusu iende kwenye projekta. Inayobaki ni ya kitambaa, mbao, waya wa HDMI wa mita tano, kilinda umeme na ekstensheni nzuri. Sabufa haimo kwenye hesabu hii kwa sababu bweni lisilo na hata sabufa moja ni nadra.

Ukiagiza Kariakoo mzigo uje kwa basi, mwambie muuzaji akurekodie video projekta ikionyesha ukurasa wa maandishi meusi kwenye weupe, pembe zote nne zionekane. Ukungu kidogo pembeni ni kawaida kwa lenzi za bei hii. Upande mmoja wote ukiwa na ukungu na mwingine safi, lenzi imekaa upande, usiipokee.

Ukubwa wa picha na umbali

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Boksi linasema inchi 200, basi mtu anarudisha projekta nyuma mpaka ukuta mzima ujae, halafu analalamika picha imepauka. Mwanga ni ule ule, eneo ndilo limeongezeka. Lumeni 200 kwenye picha ya inchi 72 kutoka pembe hadi pembe, yenye upana wa mita 1.59 na kimo cha mita 0.90, zinaleta wastani wa laksi 140 hivi (laksi ni lumeni kwa kila mita ya mraba). Zipeleke inchi 120 zinabaki 50. Yaani umepoteza karibu theluthi mbili za mng'ao kwa kusogeza meza tu.

Kwa projekta ya chini ya lumeni 300, ishia inchi 72 hadi 80. Ukilala kwenye kitanda kilicho mita mbili na nusu kutoka ukutani, picha hiyo inajaza macho vizuri.

Umbali unapatikana kwa kuzidisha upana wa picha na uwiano wa lenzi, ambao huandikwa kwenye kijitabu cha maelezo. Nyingi ziko kati ya 1.2 na 1.5. Ikiwa yako ni 1.35, picha ya upana wa mita 1.59 inataka lenzi ikae mita 2.15 kutoka kwenye skrini. Kijitabu kikikosekana, weka projekta mita mbili kamili kutoka ukutani, pima upana wa picha, kisha gawanya mbili kwa upana huo.

Skrini

Kuta nyingi za hosteli zimepakwa rangi ya mafuta mpaka usawa wa kifua, juu yake rangi ya maji ya krimu. Rangi ya mafuta inameremeta, utaona doa la mwanga katikati ya picha. Krimu nayo inageuza weupe kuwa umanjano. Kupaka rangi upya chumba cha chuo ni kujitafutia barua ya onyo, kwa hiyo tengeneza skrini ya kuning'iniza.

Mwambie seremala akukatie mbao za inchi moja kwa mbili: vipande viwili vya sentimita 170 na vitatu vya sentimita 90. Vile virefu vinakaa juu na chini, vifupi pembeni na kimoja katikati ili fremu isipinde. Nunua mita mbili za kitambaa cheupe kizito chenye upana wa mita moja na nusu, tetroni inafaa. Usichukue kinachometameta. Kipige pasi kwanza, maana mkunjo usiouona mchana utauona usiku kwenye uso wa kila mwigizaji. Anza kupiga pini katikati ya kila upande, kisha elekea kwenye pembe huku ukivuta. Ukianzia pembeni kitambaa kitajikunja katikati na hakuna namna ya kukinyoosha tena.

Kitambaa kimoja kinapitisha mwanga kwenda nyuma. Shikiza kitambaa cheusi nyuma yake kwanza ndipo ufunge cheupe. Kisha zungushia ukingo mweusi wa sentimita tano kwa mbele. Ukingo huo unameza mwanga uliozidi pembeni, na jicho linaona weusi wa picha umekolea kuliko ulivyo.

Mahali pa kuiweka

Kitanda cha juu cha dabodeka ndicho kinachomjia kila mtu akilini, na ndicho kibaya kuliko vyote. Wa chini akijigeuza picha inayumba, na godoro linaziba matundu ya hewa ya projekta. Rafu ndogo iliyofungwa ukutani ni bora. Kama hairuhusiwi kutoboa, stuli ndefu juu ya meza inatosha, ilimradi pabaki sentimita 20 wazi kila upande wenye matundu.

Lenzi ielekee skrini moja kwa moja, kimo chake kikiwa kati ya ukingo wa chini na katikati ya picha. Pima kimo cha picha upande wa kushoto na wa kulia. Kushoto kukiwa kurefu zaidi, mwanga unasafiri mbali zaidi kufika huko, kwa hiyo sogeza projekta yenyewe kuelekea kushoto kisha uigeuze itazame katikati tena. Picha ikiwa pana juu na nyembamba chini, projekta iko chini mno, inyanyue.

Menyu ina marekebisho ya pembe, yameandikwa Keystone. Yatumie mwishoni, tena kidogo. Hayasogezi lenzi, yanakata nukta za picha ili umbo lionekane mstatili, na paneli ya 1280 kwa 720 haina za kukata.

Iwashe dakika kumi na tano kabla ya kurekebisha ukali wa lenzi. Lenzi za plastiki hubadilika kidogo zikipata joto. Ukirekebisha ikiwa baridi utanyanyuka tena filamu ikiwa imeanza.

Angalia pia njia ya mwanga. Chandarua kilichoachwa kining'inie kinachora vyandarua vidogo skrini nzima. Kifunge fundo kabla ya kuanza. Pangaboi likiwa kati ya lenzi na skrini litakata picha, hilo halina dawa ila kushusha projekta.

Giza

Tabora jua linazama karibu saa moja jioni, hadi dakika ishirini hivi mbele au nyuma kulingana na mwezi, karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Giza la kweli linaingia kama dakika ishirini na tano baadaye. Ukitaka kuanza mapema, dirisha linataka vitambaa viwili: pazia la kawaida na nyuma yake kitenge kizito cha rangi ya kukolea, kilichobanwa pembeni ili mwanga usipenye. Taa ya korido inayopita chini ya mlango nayo inahesabika. Kanga iliyokunjwa inaziba.

Filamu inatoka wapi

Laptopu kwa waya wa HDMI ndiyo njia isiyo na maneno mengi. Weka idadi ya nukta za skrini ya laptopu ilingane na ya paneli ya projekta, tumia programu ya video ya VLC, umemaliza.

Flashi ina vituko vyake. Ikiwa imeandaliwa (format) kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4. Kukiwa na picha bila sauti, mara nyingi sauti ya filamu ni ya aina ya Dolby ambayo projekta za bei hii hazina leseni yake. Flashi haina kosa, cheza kwa laptopu. Picha ikikatakata, faili huenda limebanwa kwa mtindo wa H.265 na chipu ya projekta hailiwezi.

Simu nyingi za Android hazitoi picha kupitia tundu la kuchajia, hata ukichomeka kigeuzi cha kawaida cha HDMI. Kabla ya kukinunua hakikisha modeli ya simu yako ina uwezo huo. Kurusha picha bila waya kunawezekana, lakini programu za filamu za kulipia zinaweza kuonyesha weusi mtupu huku sauti ikisikika. Ni ulinzi wa haki miliki, kuwasha na kuzima hakusaidii.

King'amuzi cha Azam kina HDMI, chomeka moja kwa moja, na Simba na Yanga zitaonekana vizuri kuliko filamu za gizagiza, kwa sababu uwanja wenye majani ni picha angavu. Kutoza kiingilio ni habari nyingine. Hapo chumba kimekuwa kibanda umiza, na maonyesho ya umma yana vibali vyake.

Sauti

Spika ya ndani ya projekta inashindana na feni yake yenyewe. Toa sauti kwa waya wa AUX kwenda kwenye sabufa. Bluetooth inachelewesha sauti, midomo inafunga kabla ya maneno kufika. Sabufa iwekwe upande wa skrini, si nyuma ya vichwa, na iwekwe juu ya kipande cha godoro kuukuu. Besi husafiri kwenye sakafu hadi chumba cha tatu, na wakati wa mitihani ndiyo inayoleta matroni mlangoni, si sauti ya maongezi.

Umeme

Plagi ya pini mbili iliyokuja na projekta ilegee kidogo tu kwenye soketi, itapiga cheche. Tumia adapta ya pini tatu yenye fyuzi. Nunua kilinda umeme cha TV, si cha friji. Cha friji kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme ili kulinda kompresa, nawe huna kompresa. Ekstensheni ya projekta isichangiwe na jagi la umeme wala pasi. Hizo zinavuta wati 1,000 hadi 2,000, na kila zikiwaka umeme unashuka kwa wote.

Matumizi yenyewe ni madogo. Projekta ya wati 70 na sabufa ya wati 30 kwa saa mbili na nusu ni robo uniti ya LUKU. Kwa betri ya sola ya volti 12, robo uniti hiyo pamoja na upotevu wa inveta ni kama Ah (ampea-saa) 25, kwa hiyo betri ya asidi ya Ah 50 inatosha bila kushuka chini ya nusu. Pawabenki ya simu haitoshi.

Vumbi na kumbikumbi

Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi ndilo adui. Likipenya hadi kwenye paneli, linaonekana kama doa lisilohama hata ukibadili filamu. Projekta yenye njia ya mwanga iliyozibwa haina shida hii sana, ulizia kabla ya kununua. Kila wiki mbili toa sponji ya kichujio, ikung'ute, ioshe kwa maji, ikauke kabisa ndipo uirudishe. Lenzi pulizia kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa mdomo, mate yanaacha alama. Isipotumika, ifunike.

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wanatoka, na kwenye chumba chenye giza taa pekee ni lenzi yako. Wataifuata, na feni itawavuta ndani. Funga dirisha mapema, na kama dirisha halina wavu, acha taa ya nje iwake upande wa pili wa jengo iwavute huko. Mmoja akiingia na feni ikaanza kugonga, zima mara moja, chomoa waya, fungua kichujio umtoe kwa kibano. Ukiiacha iendelee feni itasimama, na LED isiyo na feni haichukui muda mrefu kuungua.