Kadi nyeusi za Halloween: picha ionekane vizuri

Kama unatengeneza kadi za Halloween kwa mihuri, usihangaike na wino wa kawaida kwenye karatasi nyeusi. Wino huo ni mwepesi, karatasi huunywa wote na picha haionekani. Tumia wino mzito wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), mweupe au wa rangi ya chungwa, ambao hukaa juu ya karatasi. Hukauka polepole, na hapo ndipo faida ilipo: ukishagonga muhuri, nyunyiza unga maalumu unaoyeyuka kwa joto, wino ukiwa bado mbichi, kung'uta unaobaki uurudishe kwenye kichupa, kisha upashe moto kwa kifaa cha kupulizia hewa ya moto. Chembe huanza kung'aa upande mmoja, halafu mstari mzima unainuka na kuwa laini kama enameli. Utando wa buibui ukifanywa hivi unapendeza mno! Ukishang'aa wote, ondoa moto mara moja, maana ukizidisha, unga huzama ndani ya karatasi. Mashine ya kukaushia nywele haifai. Hupeperusha unga kabla haujayeyuka.

Kabla ya kugonga, pangusa karatasi kwa poda kidogo, la sivyo chembe zitanata kila palipoguswa na vidole.

Muhuri wenyewe unaweza kuuchonga kwenye kifutio cha penseli. Popo au boga ni rahisi, ila maandishi uyachonge kinyumenyume. Na unapogonga, bonyeza wima bila kutikisa mkono.